Kilwa kwa Njia za Ndani

Mwulize mwanao anayesoma shule ya msingi Kilwa ni nini. Atakujibu bila kusita kwamba ni mji wa kale wa pwani uliokuwa ukifanya biashara ya dhahabu. Jibu hilo ni sahihi, na mwalimu atampa alama zake. Mwulize sasa Kilwa iko wapi hasa, watu wake wanaishije leo, na kwa nini wazee wa milima iliyo nyuma yake waling'oa pamba ya Mjerumani. Aghalabu atanyamaza. Huenda na wewe mzazi ukanyamaza pia, ingawa mji huo hauko mbali kama unavyodhani.

Ni desturi ya wafanyakazi wengi wa mijini, likizo inapofika, kwenda nyumbani kwa wazee au kubaki mtaani wakihesabu siku. Makala haya yanakuomba utenge siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, uwachukue watoto na mama yao mwende Kilwa. Tena msiishie kwenye barabara kuu: ingieni njia za ndani, kwa maana sehemu kubwa ya yale yanayostahili kuonwa iko huko.

Kwa miaka mingi kizuizi kilikuwa mto Rufiji. Magari ya kusini yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na mto ulipofurika safari nzima ilisimama. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwezi Agosti 2003. Lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kilibaki cha udongo kwa muda mrefu baada ya hapo. Leo ni lami. Hata hivyo maji hayajasalimu amri. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo katika wilaya ya Kilwa, na abiria wakakwama njiani kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usiende wakati wa masika. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo inayofaa.

Ondokeni Dar es Salaam Ijumaa, mlale Kilwa Masoko, mji wa makao makuu ya wilaya, ulio umbali wa kilometa zaidi ya 300. Njiani waonyesheni watoto mambo mawili. La kwanza ni Muhoro, ng'ambo ya Rufiji. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti 1905. Habari zake tutazirudia. La pili ni Somanga, ambako bomba la gesi kutoka kisiwa cha Songo Songo linatoka baharini na kuingia nchi kavu. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Mtoto akijua kwamba taa anayosomea usiku ilianza safari yake chini ya bahari ya Kilwa, hataiona tena kusini kuwa ni nchi ya mbali.

Jumamosi ni siku ya milima. Amkeni alfajiri, mrudi kaskazini kwa barabara kuu, mpite Nangurukuru na daraja la mto Matandu hadi Njia Nne. Hapo mtaiacha lami na kushika njia ya Kipatimu. Gari dogo litawasumbua. Ni heri familia mbili au tatu zichangiane kukodi gari lililoinuka. Njia inapanda polepole kuiingia milima ya Matumbi. Mtapita mashamba ya mihogo, ufuta na mikorosho, na vijiji ambavyo nyumba zake zimejificha chini ya miembe. Dereva asifanye haraka. Watoto wa vijijini watawapungia mikono, nanyi wapungieni.

Katika milima hii kuna kijiji kinachoitwa Nandete. Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pwani na wa milima hii kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida, kwa malipo ambayo hayakustahili kuitwa malipo. Mtu aliacha shamba lake la chakula akalime la mwingine, na aliyechelewa alichapwa. Mwezi Julai 1905 wazee wawili wa Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Hilo lilikuwa tangazo la vita. Kinjikitile Ngwale, aliyekuwa Ngarambe, alikuwa amekwisha kuwagawia watu maji ya dawa, akiwaahidi kwamba risasi za Mjerumani hazitawadhuru. Vita vya Maji Maji vilienea toka Matumbi hadi Ungoni na Mahenge, vikaendelea hadi 1907. Dawa haikuzuia risasi, na watu waliokufa kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani.

Waelezeni watoto habari hizi pale pale, si baadaye nyumbani. Mtoto akiona jinsi miteremko ya Matumbi ilivyo mikali, atafahamu mara moja maana ya kumlazimisha mtu kuacha shamba lake. Atafahamu pia kwamba makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja yaliweza kuungana kwa ajili ya jambo moja. Wanahistoria, miongoni mwao G.C.K. Gwassa, walipita katika vijiji hivi miaka ya 1960 wakiandika masimulizi ya wazee walioviona vita hivyo kwa macho yao. Wazee hao wamekwisha kufariki, lakini wajukuu wao bado wapo na wanasimulia.

Kutoka hapo ulizieni mapango ya Nang'oma. Msomaji aliyezoea kusikia sifa za maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya meta 200, huenda akauliza kama Matumbi nako kuna maporomoko ya namna hiyo. Huku kazi ya maji ni nyingine. Milima hii ina mawe ya chokaa, na maji ya mvua, yakipenya polepole katika nyufa kwa maelfu ya miaka, yameyayeyusha mawe hayo na kufanya kumbi kubwa chini ya ardhi. Ndani mna giza, ubaridi na popo wengi. Wakati wa Maji Maji wananchi walijificha katika mapango ya milima hii.

Msiingie peke yenu. Piteni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, mpate mwenyeji wa kuwaongoza, na kila mtu awe na tochi na viatu visivyoteleza. Mtoto mdogo asiachiwe mkono. Kumbukeni pia kwamba pango kwa wenyeji ni mahali pa heshima na tambiko, hivyo makelele na kuandika majina ukutani ni utovu wa adabu.

Chakula cha mchana leni huko huko milimani, chini ya mti. Hapa nina neno kwa akina baba. Safari ya familia ambayo mama anaamka saa tisa usiku kupika, kufunga, kubeba na kuosha, si likizo kwake. Nunueni mihogo, ndizi na korosho njiani, na kila mtu abebe mzigo wake.

Alasiri teremkeni pwani hadi Kilwa Kivinje, mji ulio kando ya njia ya kurudi Masoko. Utawakuta mafundi wakikarabati madau ufukweni, wavuvi wakisubiri maji yajae, na nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimeota miti juu ya kuta. Boma la Wajerumani bado linatazama bahari. Mji huu mtulivu una mambo mazito. Katika karne ya 19 ulikuwa bandari kubwa ya watumwa: misafara ilitoka hadi pande za Ziwa Nyasa, na binadamu wakapakiwa hapa kupelekwa Unguja na kwingineko. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini. Msiwafiche watoto jambo hili. Wafanyabiashara walionufaika walikuwamo wageni, na walikuwamo wenyeji.

Kivinje hiyo hiyo iliinuka mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyojitwalia utawala wa pwani, na maofisa wake wawili wakauawa. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani kwa muda mrefu, alinyongwa hapa. Jina la Mwembe Kinyonga limebaki kuwakumbusha watu wa mji huo vitanzi vya Wajerumani. Yaani miaka kumi kabla ya pamba ya Nandete, pwani ilikuwa imekwisha kukataa. Aliyepita milimani asubuhi na kusimama Kivinje jioni ameuona mnyororo huo mzima kwa siku moja.

Jumapili ni siku ya kisiwa. Kilwa Kisiwani iko ng'ambo ya Masoko, mwendo wa kilometa mbili hivi kwa mashua. Kwanza pateni kibali katika ofisi inayosimamia magofu hapo Masoko, na mtembezaji aliyeidhinishwa. Vukeni asubuhi, kabla upepo wa kusi haujakaza, na muulize nahodha juu ya kujaa na kupwa kwa maji. Nyakati za bamvua maji hupwa sana, na asiyeuliza huenda akatembea matopeni akiwa na mtoto begani.

Mtaliona Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa bahari. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Kuta mnazoziona leo kwa sehemu kubwa ni za wakati wa Waomani. Kisha mtaingia Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale zaidi ni ya karne ya 11, na makuba na nguzo zake viliongezwa baadaye kwa mawe ya matumbawe. Mbali kidogo, juu ya genge, ni Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani huyo. Sarafu ya shaba yenye jina lake imeonekana hata katika magofu ya Great Zimbabwe. Dhahabu ya bara ilishuka Sofala, ikaja Kilwa, ikavuka bahari; na faida yake ndiyo iliyoinua kuta hizi.

Sasa tazameni upande wa maji, kwa maana hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Bahari inakula kisiwa hiki. Sehemu ya Gereza inayoelekea baharini imebomoka, na mawimbi yamekuwa yakila ukingo ulio chini ya kuta za Makutani. Magofu haya pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha nyingine, ya urithi ulio hatarini. Yaliondolewa humo mwaka 2014, baada ya kuta kukarabatiwa, kinga za mawe kujengwa ufukweni na mikoko kupandwa.

Wapanda mikoko na wajenzi wengi walikuwa wananchi wa hapo hapo. Kisiwa hiki bado kina watu: kina kijiji, shule, visima na mashamba, na watu wake huvua samaki na kulima kati ya kuta za masultani. Mikoko inashika udongo kwa mizizi yake na kuvunja nguvu za mawimbi. Ikikatwa ovyo kwa kuni na majengo, bahari hupata njia. Mwonyesheni mtoto mche mmoja wa mkoko, mmwambie kwamba huo ndio mlinzi wa msikiti wa karne ya 11.

Nanyi mna wajibu wenu. Msipande juu ya kuta. Msiokote kigae wala jiwe, hata likiwa dogo, kwa kuwa kila mgeni akichukua moja magofu yataisha kabla bahari haijayamaliza. Vaeni kwa heshima mnapopita kijijini. Salimieni wazee kwanza, ndipo muulize habari. Nunueni samaki na madafu kwa wanakijiji, kwa maana mtu anayepata riziki kutokana na magofu ana sababu ya kuyalinda.

Mkirejea mjini Jumapili usiku mtakuwa mmechoka, na nguo za watoto zitakuwa na vumbi la Matumbi na chumvi ya Kilwa. Wiki itakayofuata mwulizeni mtoto lile swali la kwanza. Akikutajia pamba, pango, kitanzi na mkoko pamoja na dhahabu, nauli yenu haikupotea.