Mji Ulioulizwa Unataka Nchi Gani

Mimi nilizaliwa hapa hapa Nyarugusu. Wazazi walivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, kwa hiyo Kongo naijua kwa masimulizi tu. Kazi yangu ni kukaa na vijana: mpira, midahalo, kusoma ramani kidogo. Mwezi uliopita kijana mmoja alimwambia mwenzake mbele yangu, "Wewe si Mkongo, lugha ya kwenu inakusema." Nilipaswa kusema neno. Sikusema. Nilipuliza filimbi, mpira ukaendelea.

Usiku usingizi haukuja. Basi kikao kilichofuata nikawapelekea habari za mji wa mbali, Sopron, huko Hungaria, mpakani kabisa na Austria. Mimi sijafika, nimeusoma tu. Lakini ukiusoma utadhani unatujua.

Mji huo una majina mawili: Wahungaria wanauita Sopron, Wajerumani wanauita Ödenburg. Chini ya mitaa yake kuna mabaki ya mji wa Warumi, Scarbantia. Katikati kuna Mnara wa Moto, ambapo walinzi walikaa juu kuangalia nyumba gani inawaka. Kuna sinagogi yenye umri wa miaka kama 700, na siku hizi ni makumbusho. Wakulima wa zabibu waliozungumza Kijerumani walipanda maharage katikati ya mizabibu, hadi wakapewa jina la utani, wapanda maharage. Vijana walicheka hapo. Maharage tunayajua sisi!

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ulipangiwa kwenda Austria. Desemba 1921 wenyeji wakaulizwa wenyewe, wakapiga kura, pamoja na vijiji vya jirani. Watu wengi sana pale nyumbani walizungumza Kijerumani, ila kama asilimia 65 ya kura zilisema Hungaria. Mji ukapewa sifa ya kuwa mwaminifu kuliko yote. "Mnaona?" nikasema. "Lugha ni kitu kimoja, nchi ni kingine."

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi tamu. Lakini 1944 Wayahudi wa mji walisombwa kwenda Auschwitz. Halafu 1946 ikawa zamu ya Wajerumani, wakapakiwa kwenye treni na kufukuzwa. Walijulikanaje? Kwa sensa ya 1941. Ukiwa umejaza kwamba lugha ya mama ni Kijerumani, karatasi ile ile ndiyo inakushitaki. Hata kama miaka 25 nyuma uliichagua Hungaria kwa kura yako.

Kimya kikaingia. Hapa kambini nani hajawahi kuulizwa kabila lake au lugha yake, karatasi mbele na kalamu ikisubiri?

Nikamalizia na tarehe 19 Agosti 1989. Karibu na mji huo huo watu waliandaa pikiniki mpakani, na geti lilikuwa lifunguliwe kwa saa chache tu. Wajerumani wa Mashariki zaidi ya 600 wakalisukuma wakapita, wengine na watoto mikononi. Mkubwa wa walinzi pale, Árpád Bella, alikuwa na askari wachache na silaha zao. Muda wa kuuliza wakubwa haukuwepo. Akaamua wasipige risasi, watu wapite. Hakuna aliyekufa.

Hapo nikakwama. Yule alikuwa na bunduki na sekunde chache, akaamua vizuri. Mimi nilikuwa na filimbi tu, na nilishindwa.

Nikawaambia hivyo hivyo, mbele ya wote. Nikamgeukia yule kijana aliyetukanwa, nikamwomba msamaha. Aliinama kidogo, akasema, "Kaka, siku ile niliona kwamba umesikia."

Hilo ndilo lililokuwa limemuuma zaidi. Yule aliyemtukana akavuta benchi, akakaa karibu naye. Hakusema kitu, na mimi sikumlazimisha. Jumamosi wamecheza timu moja.