Mhina wa Amu, Mti Usioogopa Kiangazi



Safari ya Amu kwa njia ya nchi kavu humchosha msafiri. Basi hutoka Mombasa, likapita Malindi na Garsen, hata likafika Mokowe, na hapo abiria huteremka wakaingia mashuani. Mwezi wa Februari nilikwenda huko kwa shughuli ya arusi, kaskazi ikivuma kwa ukavu wake, na vumbi limekaa juu ya kila jani. Mji ule wa mawe, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, umejengwa kwa kubanana hata mgeni hudhani hapana mahali pa kupanda japo shina la mrehani. Kumbe nyuma ya kuta mna viwanja vidogo, na ndani ya magofu ya nyumba za kale watu wametia bustani zao.

Katika gofu moja la namna hiyo nilioneshwa mhina uliopita kimo cha mtu mara mbili. Maua yalikuwa machache, kwani wingi wake huja baada ya mvua, lakini vichala viwili vitatu vyeupe vilitosha kuujaza uwanja harufu. Waarabu huliita ua hilo faghiya. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliliandikia maelezo ya peke yake katika kitabu chake cha tiba, mbali na yale aliyoyaandika juu ya hina yenyewe. Wanazuoni wa mimea wauita mti huu Lawsonia inermis, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake asiye na silaha. Aliyelichagua yaelekea aliushika mti mchanga. Mkongwe una ncha kali za matawi, na mikono yangu ni shahidi.

Mama mwenye uwanja ule, bibi wa makamo ya juu, nilimwuliza hupata wapi maji ya kuunyweshea. Akasema, "Shekhe, maji ya bomba mimi siupi. Huupa niliyooshea mchele, na siku nyingine siupi kitu."

Jawabu hilo lina uzito kwa anayejua maji ya Amu yatokako. Visima vya mji hutegemea mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela, ikachujika polepole mpaka chini. Mvua ikipungua, kisima hupungua, na maji huanza kuonja chumvi. Mtu anayepanda maua ya kudai ndoo kila magharibi, basi anamwagia ua sehemu ya jirani yake. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya nchi yetu, na mifugo ikafa kwa wingi. Mhina ule, kwa maelezo ya bibi, ulipukutika majani yote, ukabaki fimbo tupu. Mvua iliporudi, ukachipua.

Lakini sasa umefikiwa na jambo lisilohusu mvua. Wanawe wanataka kujenga vyumba vya wageni katika uwanja ule. Siwalaumu, ardhi mjini ni ghali na vijana wanatafuta riziki ya halali. Bibi amewapa sharti moja tu, kwamba msingi usichimbwe mpaka vipandikizi vyake vishike. Amekata vijiti vya urefu wa kalamu kutoka matawi yaliyokomaa, akavichomeka katika madebe ya samli yaliyotobolewa chini. Mjukuu wake aliyekuwa akiolewa alicheka, akasema hina ipo dukani kwa pakiti.

Ipo, naam. Nyingi hutoka India, na hasa upande wa Sojat katika jimbo la Rajasthan, nchi kavu ambako mhina hulimwa mashamba kwa mashamba. Hina safi, iwe ya India au ya Amu, haina neno. Neno liko katika piko, ile rangi nyeusi inayopigiwa maua mikononi mwa maharusi na watoto. Weusi wake hutokana na dawa ya kutia nywele rangi iitwayo PPD, na ngozi nyingine haiivumilii. Binti mmoja katika jamaa zetu alitoka malengelenge kwa kufuata mistari ile ile ya ua alilochorwa. Aliyekwisha kudhurika hivyo huenda mwili wake ukaikataa rangi ya nywele maisha yake yote. Hina ya mti haiwi nyeusi; hutoka rangi ya machungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili ikawa kahawia nyekundu. Mkiambiwa hina itakuwa nyeusi kwa nusu saa, mjue kilichomo.

Nao watoto wachanga wasipakwe hata iliyo safi. Wako wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo lisilo geni katika pwani yenye malaria, na hina huweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Ama suala ambalo kina mama huniuliza kila Ramadhani, jawabu ni lile lile: rangi ya hina ikishaoshwa haizuii maji ya udhu, kwa kuwa haina tabaka juu ya ngozi kama ile ya kucha.

Anayetaka kuupanda achague mahali penye jua la kutwa na mchanga usiotuamisha maji, maana mti huu hufa upesi zaidi kwa tope kuliko kwa kiu. Mbegu ni ndogo mno. Ziloweke siku tatu au nne, maji yakibadilishwa kila siku, kisha zisiwe juu juu katika mchanga mwepesi. Mche utolewe kitaluni masika yanapoanza. Mwaka wa kwanza upewe maji mara mbili kwa wiki na uzungushiwe ua wa miti, kwani punda wa Amu hawaulizi mti ni wa nani. Baada ya hapo mwache ajitafutie. Ukipogolewa kila baada ya maua hushona vizuri, na ukipandwa kwa safu hufaa kuwa ua wa nyumba na kuwasitiri wenyewe.

Majani hayachumwi kwa pupa kabla ya mwaka wa pili. Yachumeni machanga, yaanikeni kivulini kwani jua huyanyang'anya rangi, yatwangeni, kisha yachekecheni kwa kitambaa cha melimeli. Unga utiwe katika chombo kisichopitisha hewa wala mwanga. Ukihifadhiwa hivyo, uliotwangwa baada ya vuli utafaa hata Idi.