MC wa mjini, bia za bure na kidonge cha saa tatu usiku

Ukumbini hakuna wa kumfikia. Bibi harusi akichelewa, yeye ndo anawachekesha wageni mpaka wanasahau njaa. MC huyu, jina kapuni, anajulikana sana Sinza na Kinondoni. Kisichojulikana ni kwamba ana miaka minne anatumia ARV, kidonge kimoja kila siku saa tatu usiku.

Ishu ni kwamba saa tatu usiku ndo yuko kazini, na kazini bia ni za bure. Jamaa alishikilia yale maneno ya mtaani, eti pombe na ARV zikikutana tumboni zinageuka sumu. Basi siku ya shughuli anachagua: bia inapita, kidonge kinabaki mfukoni. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, Jumapili anauguza hangova. Hesabu mwenyewe amevuka vingapi kwa mwezi.

Kipimo cha wingi wa virusi kikasoma juu. Alienda kliniki akijua leo atasemwa. Nesi, mama mtu mzima, akamuuliza maswali matatu tu: unakunywa mara ngapi, ukikaa unamaliza ngapi, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi. La kwanza akadanganya. La pili machozi yakamtoka.

"Mwanangu, kosa siyo kumeza dawa ukiwa umekunywa. Kosa ni kuiruka. Hata ukilewa, meza. Hiyo pombe tutaishughulikia pamoja."

Akamwonya pia asikate ghafla peke yake, maana mnywaji mzito akiacha kwa mkupuo anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Dawa za kupunguza hamu ya pombe zipo, ila yeye alianza na ushauri, kila wiki anarudi wanaongea. Kidonge kikahamia asubuhi, pembeni ya mswaki. Ukumbini akaanza kushika soda, washkaji wakamcheka kwamba kaokoka.

Mwezi wa pili akateleza. Harusi ya rafiki yake wa utotoni, akalewa chakari mpaka akabebwa. Zamani angeona dozi imeshaharibika, bora aiache wiki nzima.

Safari hii aliamka kichwa kinagonga, akaenda bafuni akishika ukuta. Akameza. Kisha akampigia nesi mwenyewe, kabla hajaulizwa.

Kipimo kingine ni mwezi ujao. Wewe mshkaji wako akikwambia "leo siwezi kumeza, nimekunywa", utamjibu nini?