Filamu za Muhtasari wa Anime: Ni Kiporo, Lakini Skizeni

Kuna kitu nilisema kitambo na kimekuwa kikinisumbua. Nilisema filamu za muhtasari, zile ambazo studio inachukua anime uliyoimaliza, inaikata, inaishona upya na kuirudisha kama filamu, ni kiporo. Ulikula jana usiku, leo unaletewa kimepashwa moto na unaambiwa ulipe tena. Nusu ya hayo maneno bado naamini. Hiyo nusu ingine acha niwaelezee.

Tuanze na ninayoamini. Mwaka 2020 ilitoka Attack on Titan: Chronicle. Misimu mitatu ya kwanza, episodi 59, ndani ya masaa mawili. Piga hesabu: episodi moja ni kama dakika 24, kwa hivyo zaidi ya masaa 20 yameingizwa kwa masaa mawili. Ni kama kuhama nyumba ya vyumba vitatu kwa bodaboda. Godoro litafika, lakini vyombo vyote vitabaki njiani. Vita haviwezi kutupwa, so zinazoumia ni zile dakika ndogo za watu wakila, wakitaniana, wakikaa kimya. Na hizo dakika ndizo hukufanya umjali mtu. Bila hizo, mhusika akifa unaona tu ni jina limefutwa. Kama hujawahi kutazama anime yenyewe, tafadhali usianzie kwa muhtasari. Utajua kilichotokea na hutasikia chochote.

Lakini tusiseme ati hizi filamu zilianza kama ukora. Mobile Suit Gundam ya kwanza ilianza mwaka 1979 kwenye televisheni ya Japani, watazamaji wakawa wachache, ikakatishwa ikaishia episodi 43. Halafu ikakusanywa ikawa filamu tatu, kati ya 1981 na 1982, na hizo filamu zikasaidia sana kuifanya iwe kubwa vile tunavyoijua. Kumbuka siku hizo nyumba nyingi hazikuwa na mashine ya kurekodi. Ukikosa kipindi, umekosa. Filamu ndiyo ilikuwa nafasi yako ya pili. Sisi leo tuko na kila kitu kwa simu, bora bando isiishe, kwa hivyo hiyo sababu haitushiki sana.

Kuna pia zile ambazo ni daraja. Puella Magi Madoka Magica ilikuwa na episodi 12 mwaka 2011. Mwaka 2012 zikatoka filamu mbili zinazorudia hadithi ileile, halafu 2013 ikatoka ya tatu, Rebellion, ambayo ni hadithi mpya inayoendelea kutoka hapo. Ushauri wangu haujabadilika: ukishamaliza zile episodi 12, unaweza kuruka hizo mbili uende moja kwa moja kwa ya tatu.

Sasa, kilichonibadilisha mawazo.

Brathe wangu ndiye alinianzishia Attack on Titan nikiwa kidato cha kwanza. Tulikuwa tukitazama kwa laptopu yake yenye skrini iliyopasuka kwa kona, mathe akishalala, sauti chini kabisa. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kutazama mbele bila mwenzako. Mwaka 2021 akaenda Doha kutafuta, na sheria ikabaki. Kila mtu anatazama kwake, halafu tunatumiana sauti kwa WhatsApp mpaka usiku wa manane.

Mwisho wa hadithi, kama mnavyokumbuka, uligawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ilitoka Machi 2023, saa nzima. Tulipiga kelele kwa simu mpaka mathe akaja kuuliza ni nani amekufa. Sehemu ya pili ikatoka Novemba. Katikati hapo ni miezi nane, na katika hiyo miezi nane mimi na brathe tukakosana.

Makosa yalikuwa yangu. Alikuwa ametuma pesa ya karo, mimi nikaichukua nikanunua simu, juu nilitaka kuanza kurekodi video na nilikuwa nimejiaminisha nitairudisha kabla ya mitihani. Sikuirudisha. Akajua kupitia kwa mathe. Hakunitukana. Alinipigia akaniuliza swali moja tu: "Unajua huku joto hufika ngapi?" Halafu akakata.

Novemba ikafika. Nilitazama mwisho peke yangu, kwa simu hiyohiyo. Ilipoisha nikaandika "Umeona?" nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Baadaye tulirudi kuongea, lakini ni mambo ya dawa za mathe na mabati ya nyumba. Pesa nikawa namrudishia kidogo kidogo. Attack on Titan hakuna aliyeigusa.

Juzi akaja likizo, wiki tatu. Usiku wa mwisho kabla arudi, mifuko ikiwa imefungwa pale mlangoni, akaniambia, "Si kuna ile filamu? Weka."

Ile filamu ni THE LAST ATTACK, ya mwaka 2024. Hadithi ni ileile. Ni zile sehemu mbili za mwisho zimeunganishwa, kama masaa mawili na nusu hivi, na sauti ikachanganywa upya kwa ajili ya kumbi za sinema. Sisi tulikuwa na spika ya mia nane inayokoroma. Mathe akakaa nasi mwanzoni. Kila dakika tano anauliza, "Na huyu naye analilia nini?" Brathe akajaribu kumwelezea, akaanza na kuta, akaja kwa majitu, akapotea, akacheka. Baada ya nusu saa mathe akasema tumwamshe ikiisha, akaenda kulala.

Mimi nilikuwa nangoja mahali pamoja tu, pale sehemu ya kwanza iliishia. Nilipajua vizuri. Hapo ndipo skrini ilizima Machi na dunia nzima ikaambiwa ingoje. Kwa filamu, hapo hakuna kitu. Tukio moja linaisha, lingine linaingia. Miezi nane yote imekatwa.

Nikasimamisha.

"Hapa ndipo tuliachia," nikasema.

Brathe akaangalia skrini. "Najua."

Nikamwambia pole kwa ile karo. Sikuwa nimewahi kuisema. Nilidhani kurudisha pesa ndiyo pole yenyewe.

Alikaa kidogo. Halafu akasema, "Endelea kucheza, kesho niko na ndege." Baada ya muda akasukuma bakuli la njugu upande wangu.

Majina yalipoanza kupanda nikataka kufunga laptopu. Akanishika mkono, "Ngoja." Kumbe baada ya majina kuna kipande kifupi kipya: vijana watatu, sura ni za wahusika wetu lakini wa siku hizi, wanatoka sinema wakijadili filamu waliyotoka kutazama. Nikageuka nikamwangalia.

"So wewe ulikuwa umeshaitazama?"

"Kitambo."

"Na ukanikalisha hapa masaa mawili na nusu?"

"Si wewe ndiye huandika ati ni kiporo," akasema. Kumbe husoma haya mambo yangu.

Kwa hivyo, inafaa kutazama muhtasari baada ya anime yenyewe? Kama unatafuta stori mpya, zii, weka pesa yako. Kama hujatazama anime yenyewe, zii mara mbili, muulizeni mathe wangu. Lakini kama kuna mtu mlianza naye na mkaimaliza kila mtu kivyake, hapo inafaa. Hakuna vile ningemwambia brathe turudie masaa yote hayo na mifuko iko mlangoni. Masaa mawili na nusu tulikuwa nayo. Hiyo ndiyo kazi niliyoona hii filamu ikifanya, na kazi hiyo haikutaka kitu chochote kipya kwa skrini.

Asikudanganye mtu lakini: ilifanya kazi kwa sababu tulikuwa tumeshakaa na wale wahusika miaka. Filamu ilitukumbusha tu. Yale masaa ya laptopu iliyopasuka haikuyarudisha, na haingeweza.

Wiki iliyopita brathe amenitumia sauti, ya kwanza ya anime tangu 2023. Anataka tuanze Gundam ile ya zamani. Ameniuliza twende na filamu tatu ama episodi 43.

Nimemwambia 43. Na sheria ni ileile.