Mwanangu, Altezza na chama chetu cha magari ya mbio

Kijana wetu wa kwanza alirudi Mkumbi siku tatu kabla ya Krismasi akiwa na Toyota Altezza ya rangi ya fedha. Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilinguruma kule bondeni, ikanyamaza, ikanguruma tena, kwa sababu kila alipofika penye mfereji alilazimika kushuka na kupima kwa macho kama tumbo la gari litapita. Watoto wa jirani waliisindikiza kwa miguu na wakafika nayo pamoja.

Baba yake alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Kijana alikuwa akiuza simu Dar es Salaam, na faida ya simu naijua. Usiku nilimuuliza mume wangu, akanijibu huku akitazama ukuta: shilingi milioni tatu za kahawa, zile nilizodhani zipo benki zikisubiri ada ya mtoto wetu wa mwisho, zilikuwa zimekwenda kumalizia ushuru wa bandarini. "Mtoto aliomba," akasema. Hatukuongea vizuri hadi Mwaka Mpya.

Kwa mzazi asiyeijua, Altezza ni gari dogo la milango minne ambalo Toyota walilitengeneza kati ya 1998 na 2005, na nje ya Japani likauzwa kwa jina la Lexus IS. Injini iko mbele lakini nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Vijana wanalipendea hilo hasa, maana ukikanyaga mafuta kwenye kona mkia unateleza, na hapo ndipo penye raha yao. Kwenye lami kavu ni mchezo. Kwenye udongo mwekundu wa Umatengo, mvua za Machi zikiwa zimenyesha, ni habari nyingine.

Mume wangu ana udhaifu wake na siwezi kuuficha. Alikua akisikiliza Safari Rally redioni. Hadi leo atakuambia bila kuulizwa kwamba mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa Datsun 240Z, na kwamba Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976. Tarehe ya kufungua shule za wanawe haikumbuki namna hiyo.

Kijana hakurudi tena Dar. Alifungua kibanda cha simu Mbinga mjini, na Jumamosi akawa anakuja nyumbani. Ijumaa moja ya mwezi wa tatu alimpitia mdogo wake shuleni. Msichana wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walifika wamechelewa, gari lina matope hadi kwenye vioo, wakasema barabara mbaya. Nikaamini. Siku ya pili mtoto alipokuwa ananawa uani niliona alama ya bluu imeanzia begani ikashuka kifuani kwa mshazari. Ilikuwa alama ya mkanda wa gari.

Alikataa kusema kwanza. Kisha akasema yote. Walitoka kwenye kona, gari likageuka likatazama walikotoka, likashuka kinyumenyume hadi kwenye mibuni ya jirani na kusimama hapo. Mibuni tisa ilivunjika. Chini ya mibuni hiyo kuna mteremko ambao hata mbuzi wetu huuzunguka. "Kaka aliniambia nifunge mkanda kabla," alisema, akimtetea. Nilikaa chini palepale kwenye jiwe la kufulia.

Nilitaka gari liuzwe. Baba yake naye, kwa mara ya kwanza, alitaka gari liuzwe. Lakini kijana ana miaka ishirini na saba, gari lina jina lake, na niliona wazi kwamba tukigombana atahamia mjini moja kwa moja na ataendesha vilevile, sisi tukiwa hatuoni. Jirani tulimlipa. Kijana mwenyewe alichimba mashimo tisa na kupanda miche mipya, na jirani akasimama juu yake akimwonesha kila shimo lilivyokosewa.

Ilikuwa katika siku hizo nilikumbuka sengu. Wamatengo wenzangu wa umri wangu watakuwa wanaijua. Watu wa ukoo mmoja walikuwa wakikusanyika kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, wanakula pamoja, na baada ya kula ndipo mambo yanazungumzwa: nani hajalima ngolo zake, nani amempiga mke, nani anakunywa kupita kiasi. Mimi nilikuwa msichana wa kubeba ugali tu, lakini masikio nilikuwa nayo. Niliona mtu akikaripiwa na watu aliokula nao muda mfupi uliopita, na hakuwa na pa kukimbilia. Mwanangu hakuwa na watu wa namna hiyo. Mjini alikuwa na mashabiki wa gari, ambao kazi yao ni kupiga makofi.

Basi nikamwambia: tafuta wenzako wenye magari kama hili, na wewe hujawahi kuwatafuta. Akaniambia Mbinga hakuna. Nikamwambia hiyo si kweli, mimi mwenyewe nimeyaona.

Tulianza kwa fundi matairi. Ukitaka kujua nani ana gari gani katika mji mdogo usiende kwenye ofisi yoyote, nenda kwa anayeziba pancha, kisha kwa wanaoosha magari, kisha kituo cha mafuta. Kwa wiki mbili tulipata Subaru Impreza ya mwalimu mmoja, Celica ya mfanyabiashara wa mahindi ambayo ilikuwa imelala miezi minne kwa kukosa spea, Mark II mbili, na Altezza nyingine ambayo mwenyewe aliificha kwa sababu mkewe alidhani ni ya rafiki yake. Wa saba alikuwa muuguzi wa kule Mbamba Bay. Magari saba. Sisemi ni magari ya mbio kama yale ya kwenye televisheni, lakini wenyewe wanayaita hivyo na mimi sibishani nao.

Kikao cha kwanza kilikuwa kwangu. Nilipika, wakala kwanza. Walitaka kuanza na jina la chama na fulana. Jina waligombania wiki tatu na hadi leo halijapatikana. Kwenye simu yangu kundi lao la WhatsApp nimeliandika "watoto wa magari". Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa kwa miaka tisa, nikawaambia chama ni katiba, ada na faini, fulana baadaye. Wakanichagua mweka hazina, mimi ambaye hata baiskeli sijui kuendesha.

Kwenye katiba waliandika "mwanachama ataendesha kwa usalama". Nikauliza, usalama ni spidi ngapi? Kimya. Sheria ya nchi inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na kila mmoja wao alikiri kwamba hajawahi kupita senta yoyote kwa hamsini. Tukaiandika namba. Tukaandika pia kwamba kwenye udongo uliolowa hakuna mchezo wa mkia, kwamba tairi kipara haliingii kwenye msafara, na kwamba mwanachama akimbeba mtoto halafu akakimbiza gari anatozwa shilingi elfu hamsini na anakaa nje ya msafara miezi mitatu. Kifungu hicho cha mwisho nilikileta mimi. Mwanangu aliinama kusoma meza. Wenzake hawakujua kwa nini, na sikuwaambia.

Kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri walikwenda wawili, wakiwa na tumaini la ile mikopo ya asilimia kumi. Aliwaeleza kwa upole kwamba ile ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaofanya shughuli za kuingiza kipato. Walirudi wamenuna. Nikawauliza kama wangependa tuandike kwamba wanafuga magari.

Kilichowashika pamoja, kusema kweli, si katiba. Ni spea. Mtu mmoja akiagiza bushi na breki Kariakoo analipa nauli ya mzigo peke yake, na akiletewa zisizofanana amekwisha. Saba wakiagiza pamoja, mmoja akiwa na ndugu Dar wa kwenda kuangalia kwa macho, gharama inashuka na makosa yanapungua. Celica iliamka mwezi wa sita. Siku hiyo mfanyabiashara wa mahindi alilipa ada ya mwaka mzima bila kuombwa.

Mume wangu alipoona mambo yanakwenda alianza kuleta mifano yake. Kule Nairobi, akasema, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo huandaa mashindano ya Concours d'Elegance, na majaji wanapekua gari usafi mpaka chini ya uvungu. Tukaiga kwa namna yetu. Kila miezi mitatu magari yanapangwa uwanjani, na fundi matairi ndiye jaji: breki, matairi, taa, mikanda yote inafunga. Rangi na muziki havina alama. Wa kwanza kushindwa alikuwa mwanangu, taa moja ya breki haiwaki. Mmoja wa wenye Mark II alijitoa, akasema tumemgeuza trafiki wa kujikagua mwenyewe. Bado tunamwona akipita kwa kasi, na kila nikisikia king'ora moyo unanishuka kwa ajili ya mama yake.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Mbamba Bay, mwezi wa nane, jua kali, lami kavu. Kutoka Mbinga ni zaidi ya kilomita 60, na ziwa liko chini sana, halifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo unashuka na kushuka kwa kona. Mwalimu wa Impreza aliongoza. Alikuwa amewaambia wote washuke kwa gia ndogo, wasikalie breki, kwa kuwa breki zikipata moto zinaacha kushika. Mimi nilikaa na mwanangu. Nilitazama mshale wa spidi njia nzima na sikuliona ziwa mpaka tulipofika. Mdogo wake alikuwa nyuma, kimya, mkono mmoja ameshika mkanda.

Muuguzi alitupokea ufukweni, tukala mbasa wa kuchoma na ugali, vijana wakapiga picha magari yakiwa yamegeuzia ziwa mgongo. Wakati wa kurudi nilimwona msichana amesimama kati ya magari. Kisha akaenda kwenye Impreza ya mwalimu na kuuliza kama kuna nafasi. Mwanangu alimwona. Hakusema neno, alikwenda akamfungulia mlango wa nyuma, akangoja mpaka alipofunga mkanda, akausukuma mlango taratibu.

Tulipanda mlima Altezza yetu ikiwa ya mwisho kwenye msafara.