Kabla ya Kununua Pikapu Kuukuu, Ifikirie Mafia

Matamanio ni mengi katika nyumba ya mfanyakazi, na mojawapo ni la kununua pikapu iliyokwisha kutumika, kuitengenezea kitanda na sanduku la vyombo nyuma, kisha baba, mama na watoto wakafunga safari ya kuiona nchi yao bila kungoja ratiba ya basi. Ni tamaa njema. Lakini fedha zake ni akiba ya miaka, na soko la magari kuukuu limejaa rangi mpya iliyopakwa juu ya vyuma vilivyooza. Basi kabla ya kutoa fedha hizo, msomaji na aifikirie safari moja tu, ya kwenda Mafia. Kisiwa hicho ni mtahini mkali asiyekubali rushwa.

Kutoka Dar es Salaam hushikwa barabara ya Kilwa, kupita Mbagala na Mkuranga hadi Bungu. Hapo msafiri huiacha barabara kuu na kuelekea mashariki, mpaka bandari ndogo ya Nyamisati iliyo kando ya mikoko ya delta ya Rufiji. Kivuko MV Kilindoni huchukua abiria na magari machache kuvuka hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Safari za huko hufuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo mwenye gari na aulize saa mapema, tena awe na subira.

Mafia ina urefu wa kilomita 50 hivi, na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi zaidi ya 66,000 katika wilaya nzima. Kutoka Kilindoni hadi Utende, kwenye ofisi za Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ni lami ya kilomita 14 hivi, na gari lolote hufika. Mtihani uko kwingine. Ukielekea kaskazini, kupitia Baleni na Kirongwe hadi Bweni na mnara wa taa wa Rasi Mkumbi, utaziona njia zinazochepuka kwenda mashamba ya minazi na vijiji vya pwani. Wakati wa kiangazi ni mchanga mlaini. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ni matope.

GIA ZA MKONO

Katika njia kama hizo dereva hutaka kuishika nguvu ya injini mkononi mwake. Gia za mkono humpa uwezo huo: hushuka kivukoni taratibu kwa gia ya kwanza bila kuchosha breki, na hupita mchangani kwa mwendo mmoja bila gari kujibadilishia gia katikati ya shimo. Lipo jambo jingine ambalo kila mkazi wa shamba analijua. Betri ikifa, gari la gia za mkono huwashwa kwa kusukumwa na vijana wanne. La otomatiki hukaa palepale likingoja betri nyingine.

Lakini klachi na giaboksi za gari kuukuu zina siri zake. Funga breki ya mkono barabara, weka gia ya tatu, kisha achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea, klachi imekwisha. Endesha kwenye mteremko na uinue mguu kwenye mafuta: gia ikiruka yenyewe, giaboksi inadai matengenezo makubwa. Tena usikubali kuambiwa tu kwamba gari huvuta kwa magurudumu yote manne. Lijaribu kwenye udongo laini, kwa gia ndefu na kwa gia fupi.

INJINI AIJUAYO FUNDI

Watu wengi huuliza kwanza gari lina nguvu kiasi gani. Mwenye kwenda kisiwani na aulize kwanza nani atalitengeneza. Hilux, ambayo Toyota ilianza kuiuza mwaka 1968, na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, zimeenea kwetu kwa sababu mafundi wengi wamekua nazo. Injini za dizeli za zamani, kama 3L ya sentimita za ujazo 2,779 na 5L ya 2,986, si nyepesi wala hazina mbio, lakini pampu yake ya nozeli hufanya kazi bila kompyuta. Dizeli mpya zenye kompyuta zina nguvu zaidi na huokoa mafuta. Lakini nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu katika dizeli, na zikiharibika fundi huhitaji mashine maalumu ya kuzipima. Kila spea isiyopatikana Kilindoni itavuka bahari, na kila siku ya kuingoja ni siku ya likizo iliyopotea.

Nenda kwa muuzaji alfajiri, kabla injini haijapashwa moto. Iwashe mwenyewe. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili inayoungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Nambari za chesisi na injini zilingane na zile za kadi; zisipolingana, aga uondoke, hata bei iwe tamu namna gani.

GONGA CHUMA

Mafundi wa Jibondo, kisiwa jirani kinachosifika kwa uundaji wa vyombo, wanajua kwamba jahazi huoza chini, mahali pasipoonekana. Pikapu ni hivyo hivyo. Chumvi ya bahari hula chesisi kutoka ndani. Lala chini ya gari na nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya gamba. Tazama hasa nyuma ya kabini, ambapo mzigo mzito huipasua chesisi, na uogope mahali palipochomelewa kisha pakafichwa kwa rangi nyeusi. Injini mbovu hubadilishwa. Chesisi iliyooza ni kifo cha gari.

Kwa sababu hiyohiyo, usiendeshe gari ufukoni hata kama mchanga unakuita. Chumvi italila, na fukwe za Mafia ni mahali kasa hutagia mayai. Ukirudi bara, osha chesisi kwa maji baridi.

WATOTO NA MZIGO

Mwenye familia na achague kabini mbili, ijapokuwa bodi yake ni fupi. Watoto hawasafiri juu ya mizigo. Dumu la lita 20 la maji lina uzito wa kilo 20, na ukijumlisha mafuta, hema, vyombo na tairi mbili za akiba, springi zitalalamika. Kitanda cha mbao na turubai madhubuti hutosha. Chukua pia koleo, jeki yenye ubao wa kuikalia, na pampu, kwani mchangani hupunguzwa upepo wa tairi hadi pauni 20 hivi na kujazwa tena kwenye lami.

Tena acha nafasi kidogo. Katika njia za kaskazini, pikapu inayopita inaweza kusimamishwa kwa ajili ya mgonjwa au mama mjamzito anayetaka kufika hospitali Kilindoni. Hapo ndipo ubora wa klachi uliyoinunua huwa jambo la watu wengine pia.

Gari litabaki Utende, na ninyi mtapanda mashua kwenda Chole, au Juani kuyaona magofu ya Kua. Ukija kati ya Oktoba na Februari, papa potwe huonekana baharini karibu na Kilindoni. Furaha hizo huonjwa vizuri na mtu mwenye hakika kwamba gari lake, atakapolirudia, litawaka.