Nilikwenda na Woga Wangu

Nimezaliwa Michenzani, kwenye majumba yale marefu ya enzi ya Mzee Karume. Kwetu na pwani ni mwendo wa miguu: unavuka Darajani, unakatiza vichochoro vya Mji Mkongwe, umefika Forodhani. Hata hivyo nilikua hadi kuoa sijui kuogelea. Maji yakinifika magotini, moyo ulinienda mbio.

MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, kisha MV Skagit Julai 2012, woga wangu niliuita busara. Vijana wa makachu, wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, niliwaita wahuni, tena mbele yao.

Siku moja nilimpeleka mwanangu Ngome Kongwe. Nilimweleza jinsi Waarabu wa Oman walivyoijenga baada ya Wareno kutimuliwa mwambao huu mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa, na kwamba baadaye iliwahi kuwa jela. Akapapasa kuta, akakimbia uwanjani kwa furaha. Tulipotoka tukavuka barabara kwenda kwenye ukuta wa Forodhani. Wimbi likapiga, tone likamrukia usoni. Akajificha nyuma yangu, kucha zake zikaingia mkononi mwangu. Hapo nikaelewa: woga ule nilikuwa nimeshamrithisha.

Nilimfuata mmoja wa wale vijana, nikamwomba anifunze. Niliona kwamba alinikumbuka. Alisema tu, "Ami, njoo asubuhi pale Shangani, bahari ikitulia."

Haikuwa rahisi. Nilikunywa maji, nikatapika, kuna siku niliamka nikajisingizia homa. Yeye aliningoja. Aliweka kiganja chini ya kisogo changu: "Lala chali, Ami. Shingo iachie. Nimekushika." Mwili ulikakamaa kama gogo, nikazama. Tukarudia. Asubuhi moja nilitazama mawingu muda mrefu, ndipo nikagundua kiganja hakipo. Nilielea. Nilipotaka kumlipa alikataa. Akasema nimlete mtoto.

Alhamdulillahi, leo mwanangu anaogelea kunishinda. Mimi si hodari, mbali siendi. Ila wema ule sikuustahili, na haunitoki moyoni.

Nawe unayesimama ufukweni na viatu mguuni, usingoje ujasiri uje kwanza. Mimi nilikwenda na woga wangu. Tafuta anayejua, chagua maji yaliyotulia, na ukubali kushikwa.